Mazda MX-5 ya kizazi cha pili: nibaki na 195/50R15 au nihamie rimu za inchi 17?

Mleta mada

Ndugu wadau, habari zenu. Gari langu ni Mazda MX-5 ya kizazi cha pili, gari dogo la michezo la viti viwili, ile iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, nalo linatembea juu ya rimu zake za kiwandani za inchi 15 zenye upana wa inchi 6, pamoja na matairi ya 195/50R15. Meno ya matairi bado yapo, lakini mpira umekakamaa, mipasuko midogo imejitokeza ubavuni, na barabara ikilowa sehemu ya nyuma huanza kuteleza hata nisipokwenda kasi. Muuzaji mmoja ananishawishi nichukue rimu za inchi 17 na matairi ya 205/40R17, akisema gari litashika barabara zaidi na litapendeza. Fundi wangu yeye anasema nibaki na rimu nilizonazo ila nivae 205/50R15. Naliendesha kila siku kwenye lami, ambayo sehemu nyingine ina mashimo, na kitu ninachokithamini kuliko vyote katika gari hili ni wepesi wake kwenye kona. Nifuate ushauri wa nani?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, kabla ya kumsikiliza yeyote, piga hesabu ya kipenyo. Katika 195/50R15, 195 ni upana wa tairi kwa milimita, 50 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, na 15 ni inchi za rimu; kwa hiyo ubavu una urefu wa nusu ya milimita 195, yaani 97.5. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo unapata 195, unajumlisha na inchi 15 za rimu ambazo ni milimita 381, na jumla inakuwa 576. Ukifanya hivyo kwa 205/40R17 utapata karibu 596, ambalo ni ongezeko la asilimia 3.4, na kwa 205/50R15 utapata 586, ongezeko la asilimia 1.7.

Madhara yake ni kwamba tairi lenye kipenyo kikubwa huzunguka mara chache kwa kila kilomita, hivyo spidomita husoma pungufu ya mwendo halisi, gia zote zinakuwa kama zimerefushwa, na gari ambalo halikuwa na nguvu nyingi tangu mwanzo linazidi kuchelewa kuondoka. Ongezeko la asilimia 3 ndicho kikomo ambacho mafundi wengi hawapendi kukivuka, na pendekezo la muuzaji wako limeshakivuka. Ona pia kwamba 185/60R14, saizi iliyovaliwa na MX-5 za kwanza, ina kipenyo cha takriban milimita 578. Kiwanda kilipohama kutoka inchi 14 kwenda 15 kilifupisha ubavu ili kipenyo kibaki palepale.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono, na ninaongeza suala la uzito, ambalo kwa gari hili ni zito kuliko suala la spidomita. MX-5 hiyo ina uzito unaozunguka kilo 1,050 tu. Kila kilo unayoongeza kwenye gurudumu haibebwi na springi, bali springi na shokamzoba ndizo zinazolazimika kuizuia isirukeruke kila unapopita kwenye tuta au shimo, na tairi linaloruka halishiki barabara. Rimu nyingi za inchi 17 za bei nafuu ni nzito, na uzito wenyewe umekaa pembeni, mbali na kitovu, mahali ambapo injini na breki huhangaika nao zaidi. Isitoshe, ubavu wa 205/40 una milimita 82 pekee, kwa hiyo kwenye mashimo uliyoyataja rimu ndiyo itakayopokea kipigo.

Kuhusu 205/50R15, fundi wako hajakosea, kwa maana tairi hilo linakubalika kwenye rimu ya inchi 6. Hata hivyo, ubavu wake utatuna kidogo nje ya rimu na usukani utachelewa kuitika unapoingia kwenye kona. Saizi hiyo hupendeza zaidi kwenye rimu ya inchi 7.

Mchangiaji wa tatu

Naomba kutofautiana kidogo. MX-5 za kizazi hicho za baadaye ziliweza kutoka kiwandani na 205/45R16, ambayo kipenyo chake ni milimita 591. Kwa hiyo, mwenye kupata rimu za kiwandani za inchi 16 asizuiwe kana kwamba anaharibu gari. Inchi 17 ndizo ninazozikataa.

Mchangiaji wa nne

Mjadala wote umekuwa wa saizi, ilhali tatizo alilolieleza mleta mada ni mpira uliozeeka. Ndugu yangu, tazama ubavuni kwenye tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT, ambazo huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa kwa tairi: 2316 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira hupoteza ulaini wake kwa joto, jua na miaka, hata kama gari limekaa bila kutembea. Kikomo cha kisheria cha milimita 1.6 za meno kinachotumika katika nchi nyingi hakisemi lolote kuhusu ulaini huo. Tairi jipya lenye mpira mzuri katika 195/50R15 litakupa mshiko ambao milimita kumi za ziada za upana haziwezi kukupa.

Unaponunua, soma mambo mawili. La kwanza ni alama ya mzigo na kasi: 82V ina maana tairi linabeba kilo 475 na limepimwa kwa kasi hadi kilomita 240 kwa saa, na usishuke chini ya alama iliyoandikwa kwenye kibandiko cha gari lako. La pili ni namba ya uchakavu ya Marekani (treadwear), ambayo ikiwa kubwa tairi hutarajiwa kudumu zaidi. Tairi lenye 200 kwa kawaida ni laini, linashika sana likipata joto, lakini huisha mapema. Kwa matumizi ya kila siku na barabara zenye mvua, ningetafuta lenye namba ya juu zaidi ya hapo, na kama lina lebo ya Umoja wa Ulaya, ningeangalia daraja la kushika barabara yenye maji, ambalo huanzia A na kuishia E, kabla ya kuangalia jina la kampuni.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Nimeridhika kwamba nibaki na 195/50R15. Je, naweza kuanza na mawili, na kama inawezekana, yakae mbele au nyuma?

Mchangiaji wa pili

Nunua manne yanayofanana ukiweza. Ukishindwa, mapya yakae nyuma. Gari lako husukumwa na magurudumu ya nyuma, na nyingi za kizazi hicho hazina mfumo wa kompyuta wa kulizuia lisizunguke. Mbele pakiteleza utaliona gari likigoma kukata kona na utapunguza mwendo, lakini nyuma pakiteleza ghafla nafasi ya kujirekebisha ni ndogo mno.

Kwa faida ya wenye Toyota MR2 ya kizazi cha tatu wanaosoma hapa, ushauri wa kufananisha saizi zote nne hauwahusu. Injini ikiwa katikati, kiwanda kiliweka 185/55R15 mbele na 205/50R15 nyuma kwa makusudi, na anayepanua ya mbele pekee anaondoa kinga aliyowekewa ili nyuma isiteleze kabla ya mbele.

Mchangiaji wa kwanza

Nyongeza moja, mkuu. Simamia mwenyewe ujazaji wa upepo. Mazda iliweka PSI 26 (kipimo cha msukumo wa upepo) kwa matairi ya saizi yako, mbele na nyuma, kwa sababu gari ni jepesi, lakini mafundi wengi hujaza 32 au zaidi kwa mazoea, na hapo tairi hukanyagia katikati tu. Waombe pia wapime alaimenti (mkao wa magurudumu) wewe ukiwa umeketi kwenye kiti cha dereva, kwani katika gari dogo kama hilo uzito wako hubadilisha vipimo, kisha ukaze tena nati za magurudumu baada ya kutembea kilomita 50 hadi 100.