Naombeni ushauri: igizo letu la nyimbo linaliza watu jukwaani, kwenye kamera limekuwa kituko

Mwana wa Dunda
Habari zenu wakuu. Niko Bagamoyo, tuna kikundi chetu cha watu 12. Wengine wamepita TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, wengine kama mimi ngoma tumejifunzia mtaani. Mwaka jana tulitunga igizo ambalo zaidi ya nusu yake ni nyimbo. Mama anamsubiri mwanawe aliyeondoka na jahazi, na mwana harudi. Bahari yetu jukwaani ni kitambaa cha buluu, vijana wawili wameshika ncha wanakitikisa. Mama akifika ufukweni na kuanza kuimba, ukumbi mzima unaitikia na akina mama wanajifuta macho kwa khanga. Tumelicheza mara 5, mara zote ni hivyo hivyo.

Basi tukachanga, tukakodi kamera pamoja na kijana wake. Tukasema bahari ya kweli tunayo, kitambaa cha nini? Tukashuka pwani karibu na soko la samaki. Wakuu, aibu! Mama yule yule, wimbo ule ule, lakini kwenye picha anaonekana kama mtu aliyepandwa na shetani anagombana na mawimbi. Nyuma yake wachuuzi wamesimama na ndoo zao wanamshangaa. Tulipokaa kutazama, wa kwanza kucheka alikuwa mama mwenyewe.

Nasikia hata wazungu wenye mapesa yao wanakwama hapo hapo. Tumekosea wapi? Hela iliyobaki ni ya kamera siku mbili tu.

Mkaa Kibarazani
Nimekaa mkao wa kula, wataalamu waje. Ila hao wachuuzi msiwatoe, naona ndio walioigiza vizuri kuliko wote.

Mhariri wa Usiku
Mkuu, jibu umeliandika mwenyewe: kitambaa. Mtu akiingia ukumbini akaambiwa kitambaa ni bahari na akakubali, ameshameza uongo mmoja. Wa pili, kwamba mtu mwenye uchungu anasema kwa vina huku ngoma inampigia, unateremka wenyewe. Ukimwonyesha maji ya kweli, macho yake yanaanza kudai kila kitu kiwe cha kweli, na yule mama anayeimba peke yake anageuka mgonjwa.

Angalia yaliyowapata Cats, igizo la nyimbo la paka. London mwaka 1981 walianza na watu waliovaa nguo za kubana na kujipaka rangi usoni, watazamaji wakaona paka. New York ikachezwa kuanzia 1982 hadi 2000. Ikaja filamu ya 2019, waigizaji wakavishwa manyoya ya kompyuta, na watu wengi wakatoka wanalalamika kwamba walichokiona si paka wala binadamu. Filamu ikiwa tayari inaonyeshwa, ikabidi majumba ya sinema yapelekewe nakala nyingine iliyorekebishwa. Wangekuwa na bajeti yenu pengine wangesalimika.

Bi Mkubwa wa Tanga
Wanangu, filamu sizijui sana, ila taarab ya Tanga nimekaa nayo tangu enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star. Ukumbini wimbo hauimbwi na mwimbaji peke yake. Ubeti ukimgusa mtu anainuka, anakwenda kumtunza mwimbaji hela. Mwimbaji akimwona anaurudia kwa ajili yake, na yule anayejijua kuwa kasemwa yuko pembeni kanuna. Wimbo unavutwa hivyo, unarefuka, na hakuna anayetazama saa. Kwenye runinga anayetunza ni nani? Wimbo wa huyo mama una beti ngapi?

Mwana wa Dunda
Shikamoo bibi. Beti 7, na kiitikio kila baada ya ubeti.

Bi Mkubwa wa Tanga
Marahaba. Saba! Basi nne mmewaimbia watu ambao siku hiyo hawakuwepo. Kateni.

Mla Ngisi
Mnamtisha bure mleta uzi. Sisi si tumekua na filamu za Kihindi? Mtu kaachwa na mchumba, mara yuko mlimani anaimba, nguo kabadilisha mara tatu, na mama zetu walilia bila kuuliza ngoma inapigwa wapi. Mlichokosa ni ujasiri. Huyo dada aliimba huku anawaogopa wauza samaki.

Mhariri wa Usiku
@Mla Ngisi hapo nakupa nusu. Zile nyimbo zilitungwa kwa ajili ya kamera toka mwanzo. Anayecheza ni mmoja, anayeimba ni mwingine. Lata Mangeshkar amewaimbia waigizaji wa vizazi kadhaa. Wimbo wa hawa ulitungiwa ukumbi unaoitikia.

Pazia Jekundu
Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini huyu mtu anaimba sasa hivi, mahali hapa? Bob Fosse alipotengeneza filamu ya Cabaret mwaka 1972 alizitupa nyimbo ambazo jukwaani wahusika waliziimba majumbani mwao, akabakiza karibu zile za klabu tupu, kwa sababu klabuni watu huimba hata katika maisha ya kawaida. Akaondoka na Oscar 8. Walioleta filamu ya Chicago mwaka 2002 walipita mlango mwingine. Nyimbo nyingi zinatokea kichwani mwa Roxie, mwanamke anayeota umaarufu, huku gereza liko pale pale bila ngoma wala taa. Hiyo ilipata Oscar 6, ikiwemo ya filamu bora.

Sasa rudi Bagamoyo. Kwetu mtu anaimba wapi bila kushangaza wapita njia? Akivuta nyavu. Akitwanga. Akibembeleza mtoto. Kwenye dufu, unyagoni, harusini. Fosse alikuwa na klabu moja, wewe una milango yote hiyo, halafu unampeleka mama wa watu akaimbie maji!

Fundi Maiki
Mbona sauti hakuna aliyeigusa? Filamu ya nyimbo ya Les Misérables ya 2012 waliimba pale pale mbele ya kamera, kinanda kinawaingia sikioni kwa kifaa kidogo, okestra ikaja kuongezwa baadaye. Anne Hathaway wimbo wake mkubwa ni picha moja ndefu ya uso, na akapata Oscar. Mimi ule mtindo wa kubandika kamera usoni wimbo baada ya wimbo ulinichosha, kufika mwisho nilikuwa najua meno ya kila mtu. Lakini kuna la kujifunza. Huyo dada amezoea kumwimbia mtu wa kiti cha nyuma kabisa, mikono juu, kifua mbele. Kamera iko hatua mbili kutoka puani mwake. Mwambie aimbe kama anaongea na sufuria.

Na pwani kipindi cha kusi usitegemee maiki ya kamera, itakuletea upepo mtupu. Nyimbo rekodini ndani, egesheni magodoro ukutani, kisha pwani apigiwe sauti yake aifuatishe. Au nendeni alfajiri, upepo haujachachamaa.

Kiti cha Nyuma
Kwani lazima iwe filamu? Hamilton, nalo igizo la nyimbo, waliirekodi ukumbini New York mwaka 2016, watazamaji wakiwepo, kisha wakarudia vipande vingine bila watazamaji ili kamera ipande jukwaani. Ilipotoka mwaka 2020 watu waliona jukwaa lile lile na hakuna aliyedai bahari. Siku moja kati ya hizo mbili piga igizo lenu na kitambaa chenu.

Mwana wa Dunda
Wakuu, mrejesho. Tulikaa jana hadi usiku. Siku ya pili ya kamera itakuwa ukumbini, kitambaa na watu wake, tumekubaliana. Siku ya kwanza wimbo wa nyavu tunaupeleka pwani alfajiri. Tumeongea na wavuvi wenyewe, watavuta kweli na wataitikia kweli, wakitaka hela ya chai tu. Mama tumemwondoa ufukweni. Yuko jikoni, anapima mchele wa watu wawili huku anaimba chini chini. Beti 3, kiitikio hakuna. Tulijaribu kwa simu na safari hii hakuna aliyecheka.

Tatizo jipya: dada anayecheza mama amenuna. Anasema tumemkatia ubeti wa sita, na huo ndio unaoliza watu. Na kusema kweli ndio unaoliza.

Bi Mkubwa wa Tanga
Huo wa sita uwekeni mahali pa wa tatu, aache kununa. Na huo mchele wa watu wawili, aliyeufikiria ni nani?

Mwana wa Dunda
Ni yeye mwenyewe, bibi.

Bi Mkubwa wa Tanga
Basi mwacheni anune anavyotaka. Mpeni na soda.