Collins wa mikimbio 628: hesabu inakaaje, na alifia wapi?

Mwana_Shangani: Wakuu, naandaa ukurasa wa michezo wa gazeti la ukutani la shule hapa Mtwara. Nimemchagua A. E. J. Collins, yule dogo wa miaka 13 aliyepiga mikimbio (alama) 628 ya kriketi bila kutolewa, Juni 1899. Nikijumlisha mipigo ya mikimbio 4 na ya 6 napata 130 tu. Nyingine zimetoka wapi? Halafu kuna mtu anashikilia alifia Mahiwa, huku Lindi. Kweli?

Mikindani Kwetu: Mkuu, 130 ni sawa: za 4 ni 31, ya 6 moja. Ongeza za 5 nne (20), za 3 ziko 33 (99), za 2 ziko 146 (292), za 1 ziko 87. Inafika 628 kamili.

Hizo za 2 zimejaa kwa sababu ya uwanja. Pale shuleni kwake Clifton, Bristol, Uingereza, mpaka wa upande mmoja ulikuwa karibu mno, mpira ukiuvuka unapewa 2 basi. Upande wa mteremko ni kukimbia mpaka mpira urudishwe. Ila hesabu kukaa sawa isikulaze: mwandika alama mwenyewe alikiri huenda kuna 20 zimezidi au zimepungua. Liweke hilo.

Bin Lindi: Mahiwa hapana. Mapigano ya Mahiwa, ya Vita Kuu ya Kwanza, ni Oktoba 1917. Collins aliuawa 11 Novemba 1914 karibu na Ypres, Ubelgiji, akiwa kapteni wa wahandisi wa jeshi la Uingereza, miaka 29. Ukimtafuta kwenye orodha ya wafu wa vita wa Jumuiya ya Madola, usiandike jina la ukoo peke yake, akina Collins ni wengi. Weka A E J na mwaka. Wala usihangaike na makaburi: mwili haukupatikana, jina lipo kwenye Lango la Menin, mnara wa kumbukumbu hukohuko Ypres.

Mikindani Kwetu: Nyongeza. Usimwite mchezaji wa daraja la kwanza (mechi rasmi za ngazi ya juu), hakucheza mechi hata moja ya daraja hilo. Ile ilikuwa mechi ya mabweni ya watoto, na mara kadhaa wapinzani walishindwa kudaka mpira aliopiga, vinginevyo angetolewa. Na usiandike kwamba rekodi bado ni yake: Januari 2016 Pranav Dhanawade, mwanafunzi wa India, alipiga 1,009.

Mwana_Shangani: Shukrani wakuu. Alipiga siku moja?

Bin Lindi: Hapana, alitumia muda wa saa 6 na dakika 50, zikagawanywa alasiri nne. Bweni lake lilimaliza na 836, wapinzani wakapata 87 na 61 katika zamu zao mbili za kupiga. Na wiketi 11 kati ya zao (yaani wapigaji waliotolewa) alichukua yeye huyohuyo kwa kurusha mpira.