Tupeane uzoefu: sumaku kushuka polepole ndani ya bomba la kopa

Mwanzisha uzi: Wakuu wa Tanga mnaoandaa onyesho hili kwa Kidato cha Nne, leteni vipimo. Bomba gani, sumaku gani, na huwa inakwamia wapi?

Fundi friji, Ngamiani: Tafuta kopa ya easi (kiyoyozi, AC), robo tatu inchi. Nje ni milimita 19, ukuta kama 1, ndani inabaki 17. Sumaku iwe ya neodimiamu, ile aina yenye nguvu sana, kipenyo 15 na urefu 15. Urefu usishuke chini ya 10. Ile bapa kama sarafu inapata nafasi ya kugeuka ubavu humo ndani na kushuka ovyo. Kopa laini huja imeviringwa, hivyo ilaze sakafuni uisukumesukume kwa ubao mpaka inyooke. Kikata bomba hukunja mdomo kwa ndani, basi upige tupa. Ukiuacha hivyo sumaku itanasa mlangoni, na darasa zima litaondoka likiamini kopa inavuta sumaku.

Mwalimu, Chumbageni: Ndiyo maana anzeni kwa kuigusisha sumaku nje ya bomba: haishiki. Kisha iachieni nje, mita 1: sekunde 0.45. Ndani ya kopa mara nyingi inapita sekunde 5. Sumaku inaposhuka, ugasumaku (eneo linalofikiwa na nguvu ya sumaku) unabadilika kwenye kila pete ya ukuta inayopitiwa, na badiliko hilo linazalisha mkondo wa umeme, jambo aliloonyesha mwanafizikia Faraday mwaka 1831. Mwenzake Lenz akaongeza mwaka 1834 kwamba mkondo huo hupinga kilichouzaa. Pete ya chini inaisukuma sumaku juu, ya juu inaivuta isiende. Kadiri inavyokimbia ndivyo inavyopingwa, mpaka upinzani ulingane na uzito wake. Kuanzia hapo mwendo ni mmoja. Kuganda kabisa haiwezi, maana ikisimama mkondo nao umekufa.

Kuna jaribio zuri zaidi ambalo wengi hawalifanyi. Simamisha kipande cha sentimita 40 juu ya mizani ya jikoni ya dijitali, chini weka sponji. Sumaku ya gramu 20 ikiwa bado hewani ndani ya bomba, mizani inaongeza gramu 20. Uzito wote umebebwa na kopa bila kuguswa. Usilishike bomba, utaharibu kipimo.

Muuza skrepa, Makorora: Alumini inafaa na ni nafuu, ila inashuka haraka kidogo kwa sababu ukinzani wake kwa umeme ni kama mara moja na nusu ya kopa. Shaba nyeupe na njano za mapambo hazizuii kiasi hicho. Bomba la chuma usiguse, sumaku itaganda ukutani. Ukuta mnene unachelewesha zaidi.

Mgeni: Nikipasua bomba kwa urefu, au nikiunganisha sumaku tano?

Mwalimu, Chumbageni: Ukipasua, inaongeza mwendo lakini bado haianguki bure, mikondo inajizungusha ndani ya ukuta uliobaki. Sumaku tano mfululizo zinashuka *haraka* kuliko moja. Breki inatokea kwenye ncha mbili za mwisho, huku katikati ukiongeza uzito tu.

Fundi friji, Ngamiani: Na upepo wetu wa chumvi: neodimiamu ikibanduka ganda lake la nikeli inaota kutu, inavimba, hailingani tena na bomba. Ipokeeni kwenye sponji, si sakafuni. Watoto wadogo wasiachiwe. Mbili zikimezwa zinabana utumbo katikati.