Kutoboa amplifaya ya 1966 ili iwekwe swichi ya mguu: sawa au kuharibu?

Nyuzi Sita: Wakuu, nahitaji ushauri kabla ya Jumamosi. Nina amplifaya ya gitaa, Fender Deluxe Reverb ya 1966, ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti), niliyoachiwa na mjomba alipostaafu muziki. Ina chaneli mbili: Normal, ambayo ni kavu, na Vibrato, yenye mwangwi na mtetemo. Kila moja ina matundu yake ya kuchomeka gitaa. Jukwaani napiga rithimu kwenye Normal, zamu yangu ya solo ikifika nataka Vibrato, na siwezi kuinama kuchomoa waya wimbo ukiwa umekolea. Swichi yake ya mguu inawasha na kuzima mwangwi na mtetemo tu. Fundi anataka kutoboa tundu kwa nyuma na kufunga rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ili nibadilishe chaneli kwa kukanyaga. Nimruhusu?

Mlinzi wa Kale: Usithubutu. CBS, ile kampuni ya utangazaji ya Marekani, waliinunua Fender 1967, kwa hiyo yako ni ya enzi ya mwanzilishi Leo Fender mwenyewe. Tundu likishatobolewa halizibiki, na siku ukitaka kuiuza, mnunuzi ataliona kabla hajagusa gitaa. Halafu hiyo chaneli ya pili ya nini? Rithimu ni kukwaruza tu nyuma ya mwimbaji. Ipige hukohuko kwenye Vibrato, punguza sauti ya gitaa, basi.

Chesi: CBS walinunua Januari 1965, mkuu. Ulichokumbuka wewe ni sura nyeusi, yaani paneli nyeusi ya mbele, hiyo ndiyo ilidumu mpaka 1967. Nyuzi Sita, plagi yake bado ni ya miguu miwili?

Nyuzi Sita: Hapana, fundi alishaweka waya wa nyaya tatu wenye ethi, akatoa na ile kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme) iliyokuwa kati ya umeme na chesi, ile fremu ya chuma.

Chesi: Basi uasilia uliguswa zamani, na aliyeugusa alikuokoa. Kapasita ile ikishoti, umeme unapanda kwenye chesi na kufika kwenye nyuzi za gitaa. Mlinzi wa Kale angependa iachwe?

Mlinzi wa Kale: Usinilishe maneno. Waya wa umeme unabadilishwa na kurudishwa. Tundu je?

Kamba ya Nne: Tuache tundu kwanza. Mlinzi wa Kale, rudia hapo kwenye "kukwaruza tu". Nimepiga rithimu miaka 19, harusini, baa, mpaka mikutano ya siasa. Toa rithimu kwenye wimbo wowote wa Sikinde uone kama solo itasimama. Wakongo waliongeza gitaa la mi-solo katikati ya solo na rithimu kwa sababu walijua kazi ya huko nyuma ni kubwa. Wewe umepiga bendi gani?

Mlinzi wa Kale: Bendi yangu haihusiki. Nimesema hivyo kwa sababu kila ukumbi ninaoingia siku hizi rithimu imefunguliwa mpaka mwisho, mwimbaji hasikiki.

Dada Besi: Hapo ana haki kidogo. Sisi wa besi tunateseka na nyie wote wawili.

Fundi Valvu: Narudi kwenye swali. Nyuma ya Deluxe Reverb kuna matundu mawili madogo ya RCA (aina ya plagi ndogo za sauti) ya swichi ya mguu, moja la mwangwi, moja la mtetemo. Kama mtetemo huutumii, tumia tundu lake, hakuna cha kutoboa. Ila mwambie fundi wako asichukue umeme wa rilei kwenye volti 6.3 za kuwashia valvu na kuupitisha hapo. Nyaya hizo zimefungwa ethi katikati, na ganda la RCA limegusa chesi, kwa hiyo atapiga shoti. Aweke transfoma ndogo ya peke yake. Humo ndani kuna zaidi ya volti 400, na kapasita zinazishika hata ukishachomoa plagi. Njia rahisi kuliko zote ni kiboksi cha A/B cha nje: gitaa linaingia, nyaya mbili zinatoka, kila moja na chaneli yake. Usiziwashe pamoja tu, maana Vibrato ina hatua moja zaidi ya valvu, mawimbi yanapingana na sauti inakonda.

Kamba ya Nne: Fundi umeeleza vizuri, ila mimi bado nasubiri jibu kuhusu kukwaruza.

Chesi: Na wanaolilia uasilia wakumbuke Randall Smith kule California. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa anafungua Fender Princeton na kuzitia nguvu, Carlos Santana akaijaribu moja akaipenda. Kampuni ya amplifaya ya Mesa/Boogie imeanzia hapo. Angeogopa bisibisi tungekosa mengi.

Mlinzi wa Kale: Wakati huo Princeton ilikuwa amplifaya mpya ya dukani, sasa ni urithi wa mjomba wake! Alipiga nini mjomba?

Nyuzi Sita: Rithimu. Maisha yake yote.

Kamba ya Nne: Umeona?

Mlinzi wa Kale: Basi neno "tu" nalifuta. Tundu bado nalikataa.

Dada Besi: Alikuwa anatumia chaneli ipi?

Nyuzi Sita: Normal. Vitufe vya Vibrato maandishi yake bado yanasomeka, vya Normal yamefutika kabisa. Nimemwambia fundi asubiri. Ijumaa tuna onyesho Sinza, nani ana kiboksi cha A/B cha kuniazima nijaribu kwanza?

Kamba ya Nne: Ninacho, kina transfoma ndani, hakivumi. Nitakuja nacho mwenyewe saa kumi na mbili. Nyimbo mbili za kwanza rithimu napiga mimi, kwenye hiyo Normal.