Naomba ushauri: mzabibu mzee umegeuka kichaka

Hamjambo wenzangu. Tumehamia nyumba ya zamani huku South C, Nairobi, na nyuma tumekuta mzabibu ambao jirani anasema haujaguswa na panga miaka mingi. Shina ni nene kama paja langu. Umepanda mabati ya stoo, ukaruka ukuta, sasa umeukumbatia mparachichi wa jirani (mwenyewe hajalalamika, bado). Majani tele, lakini zabibu ni vichala vitatu tu, vidogo, vimepakwa unga mweupe wa ukungu.

Najua mzabibu huzaa kwenye machipukizi ya matawi ya mwaka uliopita, si kwenye matawi makongwe. Je, nikate yote kwa mkupuo nibakize shina la mita moja, au nipunguze kidogo kidogo kwa misimu miwili, nikiongoza matawi mawili mapya kwenye waya?

Na lini? Nairobi haina baridi ya kuupukutisha majani ulale. Dodoma hupogoa mara mbili kwa mwaka. Mimi nawaza Agosti mwishoni, kabla ya mvua za vuli.

Mzee anayetukatia ua anasema ning'oe tu. Sitaki. Aliyewahi kufufua mzabibu mzee kama huu anijuze.