Mwanangu kaandika kwenye insha "Baba anapenda kulala". Wakuu, nifanyeje?

WingaMstaafu

Habari za jioni wakuu.

Nina miaka 43, mke mmoja na watoto watatu, makazi Mbagala. Juzi napekua madaftari ya binti yangu wa darasa la nne, nikakuta insha ya "Familia Yangu". Mama yake kapewa mistari mitano: anapenda taarabu, anaimba akipika, anajua kuruka kamba. Kaka mtu anapenda katuni na mpira. Mimi nimeambulia mstari mmoja: "Baba yangu anapenda kulala." Mwalimu kaweka tiki, chini kaandika "Vizuri".

Nilicheka, ila usiku huo usingizi wenyewe haukuja.

Wakuu, sikuwa mtu wa hivi. Nimecheza winga ya kulia mchangani mpaka goti liliponigomea. Marehemu mzee wangu alikuwa shabiki damu wa bendi ya Msondo, nimekua nikihadithiwa majina yake ya zamani, NUTA, JUWATA na OTTU, kama wenzangu wanavyohadithiwa mababu zao. Sasa hivi natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku. Televisheni ya nyumbani ina wenyewe: katuni zikiisha inaingia tamthilia ya Kituruki, wanaongea Kiswahili safi kuliko sisi. Mpira naenda kuuangalia kibanda umiza. Simba ikifungwa narudi nimenuna, mke anawaambia watoto "mwacheni baba yenu". Wameniacha kweli.

Nilishanunua ludo. Siku ya pili natupa dadu huku nachungulia simu, yule mdogo akaniambia, "Baba, nimekula kete zako tatu wala hujaona."

Naomba burudani ya nyumbani ya kila siku, isiyo na gharama, ambayo na mimi mwenyewe nitaifurahia. Ya kujilazimisha nimeshaishindwa. Nawasilisha.

MamaWawili

Pole kaka. Usianze kuwauliza watoto wanapenda nini, wataorodhesha mpaka kesho. Anza wewe kupenda kitu mbele yao. Jumapili asubuhi ukipiga pasi, weka hizo Msondo zako, ucheze. Hata kama unacheza vibaya. Hasa kama unacheza vibaya! Mume wangu ni wa bendi pinzani, Sikinde, sauti hana, lakini kwetu wimbo ukifika kwenye matarumbeta wote wanne wanapuliza kwa midomo, mate yanaruka. Majirani wameshazoea.

Halafu simu iwekwe juu ya kabati.

JichoLaJangwani

Mkuu ugonjwa wako ni Simba. Hamia Yanga, utarudi nyumbani unacheka.

WingaMstaafu

@JichoLaJangwani mwaka 2023 fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, USM Alger wamewapiga 2-1 kwa Mkapa, mkaenda kwao mkashinda 1-0, kombe likabaki huko huko kwa bao la ugenini. Siku hiyo uliingia nyumbani unacheka?

JichoLaJangwani

Siku hiyo niliingia kulala.

KibandaMbili

😂😂 Insha ya Jicho nayo ipo njiani.

Winga, mimi nakupa ya muvi. Umekulia kibanda umiza, maana yake umekulia kwenye muvi zilizotafsiriwa. Basi chukua muvi ya mapigano, ya Kichina au ya Kihindi, zima sauti, MTAFSIRI NI WEWE. Stelingi mpe jina la mtaani kwenu. Adui mpe sauti ya mwenye nyumba. Usijali wanaongea nini, wewe tunga. Mimi nilianza kwa utani, sasa binti yangu ananinyang'anya kazi: sauti zote za wanawake anafanya yeye, mimi nimebakiziwa milango na bunduki.

MzeeWaKete

Vijana mnamuacha mwenzenu bila mchezo wa mezani. Angekuwa na nafasi ningemwambia bao, ndiyo starehe yangu. Lakini bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mmoja anaanza na 22 mkononi, na mtoto ataonja utamu wake akishaelewa kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi moja moja. Mtu anayerudi saa mbili usiku atasinzia kwenye nyumba yake, na ninasema nyumba ya bao, lile shimo lake kuu.

Aanze na karata, wahedi wa sitini. Toa 8, 9 na 10, zibaki 40. Dume (A) pointi 11, saba 10, mzungu wa nne (K) 4, wa tatu (J) 3, wa pili (Q) 2, zilizobaki garasa, hazina pointi. Zote zinaleta 120, ukifika 61 umeshinda. Wa darasa la nne atazijumlisha haraka kuliko wewe. Na siku atakapoipiga saba yako kwa turufu, mtazame usoni.

UstadhMdogo

Mzee wangu, shikamoo. Kwetu karata hazikuingia ndani, wazazi walisema ndiyo mlango wa kamari.

MzeeWaKete

Marahaba. Kwangu shilingi haikai mezani, lakini kila nyumba na utaratibu wake. Asiyetaka karata achore drafti kwenye boksi. Vizibo vya soda vipo.

WingaMstaafu

Mrejesho, siku tisa baadaye.

Jumapili nimepiga pasi na Msondo. Nimecheza. Wa kiume aliomba nisicheze mlango ukiwa wazi, mama yake akaenda kuufungua zaidi.

Jumatano muvi. Stelingi nimemwita Kondakta, adui Mzee Kodi. Kondakta anaruka ukuta nami napiga kelele "Rangi Tatu, Rangi Tatu, wa mwisho huyo!", mke alicheka mpaka akakaa chini. Tumefika pale Kondakta kazungukwa na watu kumi, giza. Nikadhani wamekata, kumbe LUKU ya umeme imeisha na wa kuinunua nilikuwa mimi. Ndipo zikaja karata, kwa taa ya sola. Yule mdogo hajui kujumlisha, tumempa kazi ya kulinda garasa, anazilinda kwa kuzikalia.

Jana Simba imetoa sare nikaenda moja kwa moja mkekani. Binti kanifunga 74 kwa 46. Raundi ya pili nimemkamata kaficha saba ya kopa chini ya mkeka. Mzee wangu, adhabu yake kwenye wahedi wa sitini ni ipi?

MzeeWaKete

Kabla ya adhabu, nyanyua mkeka wote. Saba ya shupaza ulikuwa umeiona wapi mara ya mwisho?

WingaMstaafu

Ngoja.

WingaMstaafu

Ipo. Na dume.