720p, 1080i, 1080p au "Auto": king'amuzi kiwekwe rezolusheni gani?

Kionambali
Wadau, naomba tulinganishe hili hadi lieleweke. Vifaa: king'amuzi cha HD, kebo ya HDMI, TV ya 1920×1080. Menyu ya king'amuzi inatoa 576i, 576p, 720p, 1080i, 1080p na "Auto", halafu kuna 50 Hz na 60 Hz (idadi ya picha, au nusu za picha, kwa sekunde). Chaneli ni mchanganyiko wa SD (picha ya kawaida) na HD (picha kali), na kinachotazamwa zaidi ni mpira, taarifa ya habari na tamthilia. Ipi inatoa picha safi zaidi, na kwa nini? Jibu la "weka namba kubwa kuliko zote" limejaa kila mahali, nataka sababu.

FundiMawimbi
Mkuu, namba kubwa haiongezi chochote kwenye picha iliyorushwa na kituo. Mpangilio huo unaamua nani afanye kazi ya kukuza picha na kuunganisha mistari (kurudisha nusu mbili za picha ziwe moja): king'amuzi au TV. Skrini yako ina pikseli 1920 kwa 1080 na zote lazima zijazwe, kwa hiyo kazi itafanyika tu. Tunachotafuta ni nani kati yao anaiweza.

Kwa nchi zinazorusha kwa 50 Hz, kinachoingia kwenye king'amuzi ni hiki. SD ni 576i: mistari 576 inayotumwa nusu nusu (ndiyo maana ya i; p ni fremu, yaani picha, kamili), ya witiri kisha ya shufwa, nusu 50 kwa sekunde. HD ama ni 1080i, mtindo uleule lakini kwa mistari 1080, ama ni 720p, yaani fremu 50 kamili za 1280×720.

576i na 576p ziache kabisa ukiwa na HDMI na TV ya HD. Chaneli ya HD inabanwa hadi mistari 576, kisha TV inaivuta tena.

720p inaiumiza chaneli ya 1080i. Fremu ya 1920×1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 1280×720 ina 921,600. Zaidi ya nusu inatupwa ndani ya king'amuzi, na TV haiwezi kuirudisha.

1080i inaipitisha chaneli ya 1080i bila kuigusa na kuiachia TV kazi ya kuunganisha. TV nyingi nzuri zina chipu bora kuliko ya king'amuzi cha kawaida. Kwa tamthilia zilizopigwa kwa fremu 25 faida ni kubwa zaidi: nusu zote mbili zimetoka kwenye fremu moja, kwa hiyo TV inayolitambua hilo inazirudisha pamoja na unapata mistari 1080 kamili. Mpira ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu kila nusu imepigwa kwa wakati wake na mchezaji ameshasogea.

1080p inafanya kila kitu ndani ya king'amuzi. Kikiwa kizuri, safi. Kikiwa dhaifu, utaona kasoro mbili: kingo za kitu kinachokwenda kasi zinatoa meno ya kitana, au mistari myembamba kama nyavu za goli na herufi ndogo inatetemeka juu na chini.

Kwa TV yako ningeanza na 1080i, 50 Hz.

DishiKubwa
Hapo napinga kidogo. Si kila TV inaunganisha mistari vizuri. Zile za bei ya chini nyingine zinachukua nusu moja na kurudufisha mistari yake, basi. Mtu mwenye TV ya namna hiyo akiweka 1080i anapata mtetemo uleule uliousema, ila safari hii kosa ni la TV.

Pili, chaneli za 720p. Ukifunga king'amuzi kwenye 1080i, kila fremu kamili inakuzwa, kisha nusu ya mistari yake inaachwa ili ipatikane ile i. TV nayo inabuni ilichoachiwa pengo. Ukiweka 1080p 50, fremu zote 50 zinafika kamili. Kwa mpira wa chaneli ya 720p, 1080p inashinda wazi.

FundiMawimbi
Hoja ya 720p nakubali, iko sahihi. Ila hakikisha hiyo 1080p ni ya 50. Vipo ving'amuzi vyenye 1080p 25 kwenye menyu; ukichagua hiyo kwa mpira, mwendo unakatika nusu na mpira wenyewe unaruka ruka.

Badala ya kubishana, pima hivi:

1. Zima kwanza ulainishaji wa mwendo (TV kubuni picha za ziada) kwenye TV. Ukiuacha, utakuwa unalinganisha huo, si rezolusheni.
2. Fungua chaneli ya HD yenye maandishi yanayotembea chini ya skrini.
3. Weka 1080i, kaa umbali wako wa kawaida, angalia kingo za herufi, kisha nyavu na mistari ya uwanja kamera inapozunguka.
4. Hamia 1080p 50, chaneli ileile, angalia vilevile.
5. Bonyeza Info kwenye rimoti ya TV, si ya king'amuzi, usome TV inapokea nini. Ikiandika 720p wakati umechagua 1080p, mpangilio haujahifadhiwa au vifaa havijaelewana.

Usipoona tofauti, chagua yoyote kati ya hizo mbili ukaendelee na mpira.

Saluti
Mnapita haraka kwenye Hz, na mimi naona hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Matangazo yakiwa ya 50 na king'amuzi kikatoa 60, lazima zipatikane picha 10 za ziada kila sekunde. Njia rahisi, ambayo ndiyo inayotumika sana, ni kurudia moja baada ya kila tano. Matokeo yake maandishi yanatembea, yanasita, yanatembea, yanasita. Mtu analaumu dishi au mvua, kumbe ni mpangilio. Rezolusheni yoyote utakayochagua, Hz ifuate matangazo ya nchi yako: 50 kwa 50, 60 kwa 60.

Bi_Rimoti
Na sisi wenye TV ndogo ya inchi 32 iliyoandikwa HD Ready? Rezolusheni yake ni 1366×768. Hakuna 768 kwenye menyu.

DishiKubwa
Dada, kwa hiyo hakuna inayolingana sawasawa. Kila utakachoweka kitabadilishwa ukubwa. Kwa 720p inakuzwa kidogo tu, 768 ukigawa kwa 720 ni kama 1.07, lakini king'amuzi kimeshapunguza chaneli ya 1080i, halafu TV inavuta tena: mageuzi mawili. Kwa 1080i king'amuzi hakigusi na TV inapunguza mara moja. Kinadharia 1080i inaongoza. Kwa vitendo, TV nyingi za saizi hiyo haziunganishi mistari vizuri, na 720p inatulia zaidi kwenye mpira. Anza na 720p, jaribu 1080i kwenye tamthilia, uamue kwa macho.

PikseliMoja
Hakuna aliyegusa "Auto", na ni neno lenye mtego. Kwenye ving'amuzi vingine maana yake ni kusoma taarifa za TV kupitia HDMI na kuchagua rezolusheni moja inayofaa, kisha kubaki nayo. Kwenye vingine ni kufuata chaneli: SD inatoka 576i, HD inatoka 1080i au 720p. Hii ya pili mara nyingine huitwa "Native" au "Original". Kuijua ni rahisi: badilisha kutoka chaneli ya SD kwenda ya HD huku Info ya TV ikiwa wazi. Namba zikibadilika, inafuata chaneli.

Kwa mwenye TV nzuri, hiyo ya kufuata chaneli ndiyo bora kwa picha, kwa sababu TV inapokea kila kitu kibichi. Gharama yake: kila aina ya mawimbi inapobadilika, HDMI inajadiliana upya na skrini inakuwa nyeusi sekunde moja hadi tatu. Anayerukaruka chaneli itamkera.

Saluti
Nyongeza kuhusu kebo. 720p na 1080i zote zinatumia kasi ya 74.25 MHz kwenye HDMI. 1080p ya 50 au 60 inatumia 148.5 MHz, mara mbili. Ukipanda kwenda 1080p ukaanza kuona vidoti vinavyometameta au picha inakatika, shuku kebo kabla ya kushuku king'amuzi, hasa ikiwa ndefu au imekunjwa nyuma ya meza. Na kama umeunganisha kwa waya wa RCA wa njano, acheni huu mjadala: hapo inapita picha ya SD tu, hata menyu ikiandika 1080p.

Wenye TV ya 4K (mistari 2160): 2160p 50 inataka HDMI 2.0 na HDCP 2.2 (kinga dhidi ya kunakili) pande zote mbili, na kwenye TV nyingi lazima uwashe mpangilio wa mawimbi makubwa kwa tundu husika la HDMI. Mpangilio wa HDR (upeo mpana wa mwanga na giza) nao usiulazimishe kwa chaneli zote. Picha za kawaida hugeuka kijivu.

Kionambali
Asanteni. Nimeweka 1080i 50, maandishi yametulia. Nilipojaribu 576p skrini ilikuwa nyeusi kwa muda, ikarudi yenyewe. Kilichobaki: nembo ya kituo kwenye kona imekatwa kidogo.

PikseliMoja
Kurudi yenyewe ni kinga: usipothibitisha ndani ya sekunde kadhaa, king'amuzi kinarudisha mpangilio wa awali. Kisicho na kinga hiyo, chomeka waya wa RCA kama kina tundu lake, utaona menyu na kurekebisha.

Nembo kukatwa ni TV inakuza picha kupita kingo za skrini. Ingia kwenye ukubwa wa picha wa TV, si wa king'amuzi, utafute "Just Scan", "Screen Fit" au "Full Pixel" kutegemea chapa. Ukishaweka, angalia tena zile herufi zinazotembea: zitakuwa kali zaidi, maana sasa chaneli ya 1080 inakaa pikseli kwa pikseli. Ukiona kistari cheupe kinachochezacheza juu kabisa kwenye chaneli za SD, hicho kimo kwenye matangazo yenyewe na kilikuwa kimefichwa na ule ukuzaji.